Bwana ni Nani, Boi ni Nani? Maneno ya Kuitana katika Filamu za Zamani za Upelelezi na Safari za Hatari

1. Utangulizi

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, hapa Baraka, tulikuwa tunalipa pesa kidogo kuingia katika kibanda cha sinema karibu na ziwa. Diski nyingi zilivuka ziwa kutoka Kigoma zikiwa tayari na sauti ya mfasiri wa Kitanzania juu ya sauti ya filamu. Diski isiyokuwa na sauti hiyo ilifasiriwa papo hapo na kijana mmoja mwenye mikrofoni. Siku moja ilichezwa filamu ya zamani isiyo na rangi, Tarzan the Ape Man ya mwaka 1932. Wapagazi wanapita kwa msururu kwenye ukingo wa jabali. Mmoja anateleza na kuanguka bondeni. Katika filamu yenyewe, swali linaloulizwa baada ya hapo ni mzigo wake ulikuwa na nini. Safari inaendelea.

Kijana wetu hakufasiri hivyo. Nadhani alikwisha kuiona filamu ile, kwa sababu tangu wapagazi walipotokea alimchagua yule atakayeanguka, akasema: "Uyu njo Asukulu, mutoto wa Mutambala." Watu wakacheka, maana kila mmoja wetu alimjua Asukulu fulani. Lakini Asukulu alipoteleza, hakuna aliyecheka. Kibanda kizima kilipiga kelele, na mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga mlangoni akauliza nani amekufa.

Jioni nilimsimulia babu. Yeye hakuuliza habari za Tarzan. Aliuliza kama yule mpagazi alikuwa na jina kweli au alipewa na kijana. Nikamwambia alipewa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nilifanya boi miaka sita. Ule muzungu hakujuaka jina yangu."

Makala haya yametokana na swali la babu. Nachunguza namna watu wanavyoitana katika filamu za zamani za upelelezi na za safari za hatari, hasa zile zilizotumia Kiswahili au zilizogusa nchi zetu. Kwa kawaida, tunapozungumzia uwakilishi wa watu katika filamu, tunahesabu nyuso: Waafrika wangapi, Waasia wangapi, wanawake wangapi. Hesabu hiyo ina faida, lakini haitoshi. Katika safari ile ya 1932 nyuso za Waafrika zilikuwa nyingi kuliko za Wazungu. Kilichokosekana kilikuwa katika lugha, na kwa hiyo ni kazi yetu sisi wanafunzi wa lugha.

2. Dhana na mbinu

Mwaka 1960 Roger Brown na Albert Gilman walichapisha utafiti maarufu kuhusu viwakilishi vya nafsi ya pili katika lugha za Ulaya. Walionyesha kwamba uchaguzi kati ya viwakilishi viwili, kama tu na vous vya Kifaransa, hufuata nguzo mbili: mamlaka na mshikamano. Wenye mshikamano huitana sawasawa. Penye mamlaka, wa juu husema tu na wa chini hujibu vous. Ishara kuu ya ukosefu wa usawa, basi, si neno lenyewe, bali ni kwamba neno haliendi na kurudi.

Kiswahili hakina tofauti ya tu na vous. Mtoto na mkuu wa sekta wote ni "wewe". Kwa sababu hiyo mzigo wote wa heshima unabebwa na maneno ya kuita: bwana, bibi, mzee, mama, ndugu, shefu, papa, yaya. Ukiyaondoa hayo, sentensi inabaki uchi. Kutokana na hali hii nimetunga maswali manne ambayo nayatumia kwa kila mhusika:

(a) Je, ana jina lake mwenyewe?
(b) Anaitwa kwa neno gani, na je, neno hilo linaenda na kurudi?
(c) Anaambiwa kwa kitenzi cha namna gani: amri tupu ("lete"), au kitenzi chenye kiambishi -e na neno la adabu ("naomba ulete")?
(d) Anaposema, je, mtazamaji anapewa njia ya kumwelewa?

Swali la tatu lina historia hapa kwetu. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power cha mwaka 1986, alichunguza vitabu vya kujifunzia Kiswahili vilivyotumiwa Kongo wakati wa ukoloni. Vingi havikumfundisha Mzungu kuzungumza na mtu, vilimfundisha kuamuru. Mwanafunzi wa vitabu hivyo angeweza kutuma maji, kitanda na wapagazi, asiweze kuuliza habari za nyumbani. Filamu nilizozichunguza zimerithi Kiswahili cha namna hiyohiyo.

3. Bwana aliyesafiri hadi Hollywood

Neno letu "bwana" lilifika mbali. Mwaka 1952 ilitoka Bwana Devil, filamu ya Arch Oboler kuhusu simba wa Tsavo walioua wajenzi wa reli nchini Kenya. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya rangi iliyotazamwa kwa miwani ya kuonyesha umbo la pande tatu. Mwaka 1963 ikaja Call Me Bwana, ambamo mchekeshaji Bob Hope anatumwa Afrika kutafuta chombo cha siri cha anga za juu kabla majasusi wa upande mwingine hawajakipata. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Niiteni Bwana". Katika majina haya mawili, neno linalotumika kwetu kwa mume, kwa mwenye nyumba, kwa rafiki katika maongezi na kwa Mungu kanisani limebaki na maana moja tu: Mzungu aliye Afrika.

Tuchukue pia Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa Tanganyika akiwemo John Wayne. Hata jina la filamu ni la Kiswahili, na mwanamke mgeni anayewalea watoto wa tembo anapewa na wenyeji jina la heshima, "Mama Tembo". Ni jina zuri, na limeundwa kwa utaratibu wetu wenyewe wa kumwita mtu kwa mwanawe. Lakini tukirudi kwenye swali (b), heshima inaenda upande mmoja. Wenyeji wanajua namna ya kumwita mgeni, naye hana haja ya kujua namna ya kuwaita.

Mfano ulionigusa zaidi uko katika King Solomon's Mines ya mwaka 1950, hadithi ya mwanamke anayemtafuta mume wake aliyepotea. Filamu hii ilipigwa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki pamoja na Kongo ya Wabelgiji. Kwa kipimo cha wakati ule, imewapa Waafrika nafasi kubwa: Umbopa ni mtu mwenye siri na mwenye haki ya kiti cha enzi, na aliigizwa na mtu wa kwetu, si Mzungu aliyepakwa rangi. Lakini soma orodha ya waigizaji. Wazungu wana majina mawili mawili: Deborah Kerr, Stewart Granger. Waafrika wana jina moja moja, na penye jina la pili pamewekwa kabila: Kimursi wa Wakipsigi, Siriaque wa Watutsi. Mtu ambaye jina lake la pili ni kabila hana babu na hana anwani. Ukimtafuta leo umlipe haki yake, hutajua pa kuanzia.

4. Ziwa letu, hadithi ya wengine

Wasomaji wa Fizi na Baraka wana sababu ya pekee ya kuitazama The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Sehemu ilipigwa kwenye mto Ruiki nchini Kongo, nyingine Uganda. Meli ya Kijerumani katika hadithi, Louisa, inatokana na meli ya kweli iliyotawala Ziwa Tanganyika: Graf von Götzen. Ilitengenezwa Papenburg mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Ikashushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wazazi wetu hawaijui kutokana na sinema. Mwaka 1997 ilisaidia kuwarudisha wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma hadi Uvira.

Vita vyenyewe vina kichekesho cha lugha. Waingereza walileta mashua mbili ndogo za kivita kutoka Uingereza kupitia Afrika ya Kusini, zikavutwa kupita milima ya Katanga hadi Lukuga. Mashua hizo ziliitwa Mimi na Toutou, majina yaliyotokana na namna watoto wa Kifaransa wanavyomwita paka na mbwa. Kwa sisi tulioko ukingoni, mashua moja ilikuwa inajitangaza: mimi! Lakini waliokata njia, waliovuta kamba na waliobeba kuni hawakupata nafasi ya kusema neno hilo katika hadithi yoyote ya vita hivyo iliyopigwa picha.

Filamu inaanzia kanisani. Mchungaji wa Kiingereza na dada yake wanaongoza wimbo. Waumini Waafrika wanaimba kwa sauti ambazo si lugha yoyote, kana kwamba kinywa chao hakijui maneno. Charlie Allnutt anafika, anatupa kipande cha sigara, na wanaume wanakigombania. Kisha Wajerumani wanachoma kijiji na kuwachukua watu. Hapo umati unatoka katika hadithi, na kwa muda mrefu tunabaki na watu wawili mashuani. Nikiuliza maswali yangu manne, jibu ni hapana mara nne. Waumini wale hawatukanwi kwa neno lolote baya. Hawaitwi tu. Nimejifunza hapa kwamba kutoitwa ni hali ya chini kuliko kuitwa vibaya: boi angalau anaitikia.

5. Mpelelezi anaitwaje?

Katika filamu za upelelezi mambo yanabadilika, kwa sababu kazi ya mpelelezi ni kuuliza. Anayeuliza ana mamlaka ya lugha: wengine wanalazimika kumjibu. Kwa hiyo, je, mtu asiye Mzungu akiwa mpelelezi, maneno ya kuitana yanamfuata?

Charlie Chan ni mpelelezi wa Honolulu aliyebuniwa na Earl Derr Biggers mwaka 1925. Tangu 1931 aliigizwa na Warner Oland, mzaliwa wa Sweden, katika filamu 16. Chan ana jina kamili, anaitwa Mista Chan, na ndiye mwenye akili kuliko wote chumbani. Kwa swali (a) na (b) amefaulu. Lakini sarufi yake imekatwa: viwakilishi vinadondoka, vibainishi vinadondoka, na hekima yake inatoka kwa vipande vya methali. Mtu anaweza kusema kwamba ndivyo mgeni anavyosema Kiingereza. Basi mtazame mwanawe, aliyeigizwa na Keye Luke, Mchina wa kweli: yeye anasema Kiingereza cha Kimarekani bila kigugumizi. Kwa hiyo Mswidi anasema "Kichina" na Mchina anasema Kimarekani. Lugha iliyovunjika haikuwa ya mtu wala ya ukoo; ilikuwa ni vazi la uhusika. Katika filamu za baadaye, kuanzia 1944, akaongezwa dereva Mweusi, Birmingham Brown, aliyeigizwa na Mantan Moreland, ambaye kazi yake kubwa ni kuogopa ili watu wacheke. Heshima aliyopanda nayo Chan haikumpandisha aliye chini yake.

Mfano wa pili ni In the Heat of the Night ya mwaka 1967. Virgil Tibbs, aliyeigizwa na Sidney Poitier, ni mpelelezi Mweusi wa Philadelphia anayejikuta katika mji mdogo wa Mississippi penye mauaji. Mkuu wa polisi anamdhihaki kwa jina lake la Virgil na kumwuliza huko kwao anaitwaje. Tibbs anajibu kwa hasira kwamba huko anaitwa Mista Tibbs.

Hebu tufasiri jibu hilo kwa Kiswahili. Tutasema kwamba huko wanamwita Bwana Tibbs. Sasa liweke jibu hili karibu na lile jina la filamu ya 1963, "Niiteni Bwana". Miaka minne tu inazitenganisha. Sentensi ni karibu moja: kitenzi kilekile, neno lilelile. Ya kwanza ni utani wa mtu ambaye hakuna aliyemnyima heshima. Ya pili ni madai ya mtu ambaye hata cheti cha kazi hakimtoshi kuipata. Mfasiri anayeweka "Bwana" katika zote mbili hajakosea. Lakini inampasa ajue kwamba amebeba vitu viwili tofauti katika kikapu kimoja.

6. Bwana Msa

Wakati Hollywood ikiandaa bwana wake, Zanzibar ilikuwa na wake tayari. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58, na mwaka 1960 riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ikachapishwa. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko na ana rafiki wa kufuatana naye, Najum. Kila msomaji anaona kivuli cha Sherlock Holmes. Abdulla hakukataa umbo lililotoka nje. Alibadili maneno ya kuitana.

Katika dunia ya Bwana Msa, mpelelezi ni bwana, na marehemu naye ni Bwana Ali. Neno linaenda na kurudi. Ubwana wa Msa hautokani na rangi wala na bunduki, bali ni adabu ya kawaida ya mjini, ile ile anayopewa jirani mwenye duka. Na kwa kuwa wote ni mabwana, ubwana wenyewe haumwambii msomaji nani ana hatia na nani hana. Inabidi afikiri. Hilo kwangu ni somo la sanaa pamoja na la lugha: filamu ambayo neno la kuita limekwisha kugawa watu katika wema na wabaya haihitaji mpelelezi.

7. Sarufi haina hatia

Wenzangu wawili darasani walisema kwamba ubaya uko katika neno "boi" lenyewe, kwa sababu linachukua wingi wa ma- (maboi), ngeli ya matunda na mawe, wakati watu wanastahili ngeli ya m-/wa-. Nawajibu kwa kuwaonyesha wingi wa "bwana": ni mabwana. Ngeli ni ileile, na upatanisho ni uleule wa watu: "mabwana wamefika, maboi wamefika". Sarufi ya Kiswahili iliwaweka bwana na boi katika chumba kimoja. Waliowatenganisha ni watumiaji.

Neno "boi" lilitoka Kiingereza, ambako lilimaanisha mtoto wa kiume, likaingia katika Kifaransa cha Kongo likiwa na familia yake: boy, boyesse, boyerie, ile nyumba ndogo ya nyuma ya watumishi. Ukoloni ulikwisha mwaka 1960; nyumba za nyuma zipo bado katika viwanja vingi vya Bukavu na Uvira, na neno lipo bado katika vinywa vyetu. Nimewasikia wanafunzi wenzangu wakimwita "boi" mzee anayefagia ua, mwenye umri wa kuwa baba yao. Hakuna Mzungu aliyekuwepo.

Lazima pia tujihadhari na hukumu za haraka. Katika Sanders of the River ya mwaka 1935, filamu inayousifu utawala wa Kiingereza, Paul Robeson aliigiza mkuu wa kienyeji, na kijana Jomo Kenyatta alikuwa miongoni mwa waigizaji wadogo. Robeson baadaye aliikana filamu hiyo. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walichukua nafasi iliyokuwepo. Tunapokosoa picha, tusiwapoteze tena waliomo ndani yake.

8. Hitimisho na zoezi

Nimeonyesha kwamba uwakilishi haupimwi kwa idadi ya nyuso peke yake. Umati wa The African Queen ni mkubwa na hauna jina. Chan ana jina na hana sarufi. Tibbs ana vyote, na bado anadai kuitwa. Bwana Msa haombi, kwa sababu mwandishi wake amempa kila mtu haki hiyo tangu ukurasa wa kwanza.

Wengi wetu tutafasiri: redioni, mahakamani, hospitalini, katika mashirika, labda hata kwenye mikrofoni ya kibanda. Kila siku tutachagua kati ya "huyo", "boi", "kijana", "mzee" na "papa fulani". Nadharia yangu ya ufasiri nimeipata kwa kijana wa Baraka. Hakubadili tukio: mpagazi alianguka kama filamu ilivyotaka. Alichoongeza ni jina tu, na watu wakalia.

Zoezi: chagua filamu yoyote ya zamani ya upelelezi au ya safari. Itazame dakika 20 za kwanza na uandike katika safu nne majibu ya maswali (a) hadi (d) kwa kila mhusika anayeonekana, hata anayepita na mzigo. Kisha fanya hivyohivyo kwa dakika 20 katika ua wa kitivo chetu, ukianzia na wewe mwenyewe: ni wangapi unaowaamuru kila siku ambao hujui majina yao? Babu alifariki kabla sijaanza masomo haya. Jina lake lilikuwa Asukulu.